Mti Hukopa, Mti Hulipa

Huenda unalo shamba bondeni, si mbali na mto. Huenda ulilirithi kwa wazazi wako, au uligawiwa na kijiji. Zamani shamba hilo lilikuwa la mahindi au mpunga. Sasa umepanda miti, au unafikiria kupanda.

Watu wengi wa mabondeni wamepanda mitiki. Wengine huiita misaji. Iko mingi Longuza, wilaya ya Muheza, karibu na mto Zigi, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Iko Mtibwa, katika mkoa wa Morogoro. Iko pia katika bonde la mto Kilombero. Mtiki hupenda udongo wa bondeni, wenye kina na usiotuamisha maji. Mbao zake ni ngumu, haziliwi upesi na mchwa, na bei yake ni nzuri. Mtu akipanda mtiki leo, mwanawe atakuwa mtu mzima siku utakapokatwa. Kwa hiyo shamba la mitiki ni akiba, kama fedha iliyowekwa benki.

Lakini kuna swali ambalo wapandaji wengi hawajiulizi. Siku miti ikikatwa, udongo utabaki na nini? Mtoto wako akipanda tena pale pale, je, miti yake itakua kama yako, au itadumaa?

Jibu la swali hilo limo mikononi mwako tangu leo. Katika somo hili tutaona jinsi mti na udongo vinavyopeana chakula, jinsi chakula hicho kinavyopotea, na jinsi ya kukilinda.

MTI HUPATA WAPI MWILI WAKE?

Tazama mtiki mkubwa. Uzito wote ule umetoka wapi? Watu wengi watajibu: umetoka kwenye udongo. Lakini kama ndivyo, mbona hakuna shimo kubwa chini ya mti?

Karibu miaka 400 iliyopita, katika nchi ambayo leo huitwa Ubelgiji, mtaalamu mmoja alijiuliza swali hilo hilo. Jina lake Jan Baptist van Helmont. Alichukua chungu kikubwa, akatia udongo mkavu wa kilo 91 hivi. Ndani yake akapanda mche wa mwerebi, mti unaopenda kukua kando ya mito. Mche ule ulikuwa na uzito wa kilo 2 na robo hivi. Akaufunika udongo ili vumbi lisiingie, akawa anaumwagilia maji tu.

Baada ya miaka 5 aliung'oa mti, akaupima. Ulikuwa na kilo 77 hivi. Kisha akaukausha udongo, akaupima nao. Ulikuwa umepungua gramu 57 hivi tu. Huo ni kama uzito wa yai moja la kuku!

Habari za jaribio hilo zilichapishwa mwaka 1648, baada ya yeye kufa. Van Helmont alidhani mwili wote wa mti ulitoka kwenye maji. Hapo alikosea kidogo. Leo tunajua kwamba mti hujenga mwili wake kwa maji yanayovutwa na mizizi, na kwa hewa inayoingia katika majani. Jua ndilo linalotoa nguvu ya kuifanya kazi hiyo.

Je, zile gramu chache zilizotoka kwenye udongo hazina maana? Zina maana kubwa sana. Humo ndimo vilimo virutubisho, yaani chakula ambacho mti hauwezi kukipata katika maji matupu wala hewani. Virutubisho vikubwa ni naitrojeni, fosforasi, potasiamu na kalsiamu. Naitrojeni hufanya majani yawe ya kijani. Fosforasi husaidia mizizi. Potasiamu husaidia mti kutumia maji vizuri. Kalsiamu hujenga kuta za mwili wa mti, na mtiki hupenda kalsiamu kuliko miti mingine mingi.

Kwa uzito ni vitu vidogo. Lakini vikikosekana, mti hudumaa hata kama maji ni tele na jua ni kali. Ndiyo maana twasema: mbao hutoka hewani na majini, lakini ruhusa ya kukua hutoka kwenye udongo.

DAFTARI LA MKOPO

Unalijua daftari la mkopo la dukani. Mteja akichukua sukari leo, mwenye duka huandika. Mteja akilipa mwisho wa mwezi, mwenye duka hufuta. Mteja akiendelea kulipa, duka linaendelea kuwa na bidhaa. Akichukua kila siku bila kulipa, rafu zitabaki tupu, na yeye mwenyewe atalala njaa.

Udongo ni duka. Mti ni mteja. Mizizi ndiyo inayokopa. Majani yanayoanguka ndiyo yanayolipa.

Katika miaka ya kwanza mti hukopa sana. Unajenga mizizi, shina, matawi na majani kwa haraka, na bado hauna majani mengi ya kudondosha. Miaka michache baadaye matawi ya miti jirani hukutana. Kuanzia hapo malipo huongezeka. Kila kiangazi mtiki hudondosha majani yake. Mvua zikinyesha, majani hulowa. Minyoo, mchwa, ukungu na vijidudu vingine huyala na kuyaozesha. Yanakuwa mboji, na virutubisho vilivyokuwamo hurudi kwenye udongo. Mizizi huvichukua tena. Katika shamba la miti iliyokomaa, sehemu kubwa ya chakula ambacho mti hutumia mwaka huu kilikuwa katika majani ya miaka iliyopita.

Sasa angalia ujanja wa mti. Kabla jani halijaanguka, mti huvuta na kurudisha shinani sehemu ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu iliyokuwa katika jani. Ni kama mtu anayehama nyumba: haachi vyombo vyake vyote ndani. Lakini kalsiamu haihamishiki. Inabaki katika jani na kuanguka nalo. Kwa hiyo majani makavu unayoyaona chini ya mitiki si takataka. Ni mafungu ya kalsiamu na vitu vingine, yanayosubiri mvua ili yarudi dukani.

Jambo jingine la kukumbuka ni hili. Virutubisho havikugawanyika sawasawa katika mti. Majani, vijitawi vyembamba na magome vina virutubisho vingi kwa kila kilo. Kiini cha shina, yaani ile sehemu ya kahawia inayotoa mbao nzuri, kina virutubisho vichache. Hii ni bahati yetu. Kile kinachotuletea fedha ndicho kinachoupunguzia udongo kidogo. Kile kisichotuletea fedha nyingi ndicho chenye mali ya udongo.

RUTUBA HUPOTEA KWA NJIA GANI?

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Rutuba ya shamba la miti hupotea kwa njia nne, na mara nyingi mwenye shamba hana habari.

Njia ya kwanza ni moto. Mtiki hudondosha majani wakati wa kiangazi, wakati ule ule watu wanapochoma mashamba. Majani yakiungua, naitrojeni nyingi huondoka na moshi. Kalsiamu, potasiamu na fosforasi hubaki zaidi katika majivu. Lakini majivu ni mepesi. Upepo huyapeperusha, na mvua ya kwanza huyakokota hadi mtoni. Mtiki mkubwa hauuawi upesi na moto, kwa hiyo mwenye shamba hudhani hakuna hasara. Mti umesimama, lakini malipo ya mwaka mzima yameungua.

Njia ya pili ni maji ya mvua yanayotiririka. Jani la mtiki ni pana. Matone ya mvua hujikusanya juu yake, kisha huanguka yakiwa matone makubwa. Kama chini kuna majani makavu au majani mabichi ya mimea midogo, matone hayo hayadhuru. Kama ardhi iko wazi, matone huupiga udongo na kuurusha. Ukiona matope yamerukia shina la mti, au ukiona mizizi imebaki nje kama mishipa ya mkono wa mzee, ujue udongo unaondoka. Na udongo unaoondoka ni ule wa juu. Huko juu ndiko iliko mizizi mingi midogo ya kulisha mti. Udongo wa juu ndio jiko la mti.

Hasara hiyo haiishii shambani kwako. Tope huingia mtoni, na mto una watu wengine. Wakazi wa mji wa Tanga, kwa mfano, hupata maji ya mto Zigi kutoka bwawa la Mabayani. Tope la juu huenda kujaza bwawa la chini.

Njia ya tatu ni kuvuna kila kitu. Wengine wakikata mti huchukua gogo, matawi, vijitawi, magome na hata majani. Vijitawi na magome ni sehemu ndogo ya uzito wa mti, lakini ukiviondoa umeondoa sehemu kubwa ya virutubisho.

Njia ya nne ni kuvuna mapema mno, mara kwa mara. Mti mchanga una magome mengi na mbao nyeupe nyingi, na kiini chake ni kidogo. Kwa hiyo, kwa kila kilo ya mti unaouza, nguzo changa huondoa virutubisho vingi kuliko gogo lililokomaa. Tena kila baada ya kukata, ardhi hubaki wazi kwa muda, na maji hupata nafasi ya kuichukua. Ukikata nguzo kila baada ya miaka michache, unafungua mlango wa duka mara nyingi bila mtu wa kulinda.

FUNZO KUTOKA NILAMBUR

Mtiki haukuanzia kwetu. Asili yake ni India, Burma ambayo leo huitwa Myanmar, Thailand na Laos. Uliletwa Tanganyika wakati wa utawala wa Wajerumani.

Huko India, katika jimbo la Kerala, kuna mahali panapoitwa Nilambur, ukingoni mwa mto Chaliyar. Wakati wa utawala wa Waingereza, katika miaka ya 1840, mitiki ilianza kupandwa hapo kwa amri ya afisa mmoja aliyeitwa Conolly. Msimamizi wa kazi alikuwa Mhindi, Chathu Menon. Sehemu ndogo ya shamba lile la kwanza imehifadhiwa, na mitiki yake mikubwa bado inatazamwa na wageni.

Sehemu nyingine zilivunwa na kupandwa tena. Basi mabwana misitu wa India wakapata swali kama letu: je, mtiki ukipandwa peke yake, mara ya pili na ya tatu pale pale, huchosha ardhi? Katika miaka ya 1930 na 1940 walibishana sana juu ya jambo hilo. Wengine waliulaumu mtiki wenyewe. Lakini lililojitokeza ni kwamba lawama kubwa si ya mti. Pale ambapo moto ulipita mara kwa mara na mvua ikachukua udongo ulioachwa wazi, ndipo ardhi ilipoharibika. Pale ambapo udongo ulikuwa na kina na umefunikwa, mtiki uliweza kukua tena.

Kwa hiyo tusiulize tu: nimepanda mti gani? Tuulize pia: chini ya mti kuna nini?

MTO HUTOA, MTO HUCHUKUA

Shamba la kando ya mto lina bahati moja na hatari mbili.

Bahati ni tope la mafuriko. Watu wa bonde la Rufiji wanalijua hili tangu zamani. Mafuriko yakipita, wao hupanda mazao ya mlau katika ardhi iliyoachiwa tope na unyevu. Tope lile ni rutuba iliyotoka mashamba ya juu. Lakini usilitegemee sana. Mto haufiki kila mwaka, na sehemu iliyoinuka haifikiwi kabisa.

Hatari ya kwanza ni maji yanayotuama. Mizizi ya mtiki inahitaji hewa. Maji yakikaa wiki nyingi, mizizi hukosa hewa na kuoza. Tena katika tope lisilo na hewa, sehemu ya naitrojeni hubadilika kuwa hewa na kuondoka. Basi panda mtiki pale palipoinuka kidogo, maji yanapopita na kwenda zake.

Hatari ya pili ni kupanda hadi ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kufanya shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu kingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa mtu mzima, mita 60 ni kama hatua 80. Wengine huona sheria hii inawapunja ardhi. Lakini fikiri kwa hesabu ya rutuba. Vichaka, nyasi na miti ya asili ya ukingoni ni kama wavu. Mbolea na mboji vinavyoponyoka shambani hunaswa na mizizi hiyo kabla ya kuingia mtoni. Ukifyeka wavu huo, mto utaingia shambani mwako, na shamba lako litaingia mtoni.

MFANO WA NDUGU WAWILI

Tuchukue mfano. Tuseme kulikuwa na ndugu wawili, kaka na mdogo wake. Baba yao aliwaachia shamba la bondeni, wakaligawana nusu kwa nusu. Wote wawili wakapanda mitiki siku moja, miche ya kitalu kimoja.

Kila kiangazi kaka alifagia majani na kuyachoma. Shamba lake lilikuwa safi kama uwanja wa shule. Wapita njia walimsifu. Mdogo wake aliacha majani yalale. Watu walimcheka, wakamwita mvivu. Yeye alifyeka tu njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba lake, basi.

Siku ya kuvuna ikafika. Miti ya wote wawili ilikuwa mizuri, maana udongo wa bondeni ulikuwa na akiba ya miaka mingi. Wote walipata fedha. Kaka akauza na matawi yote kwa wachoma matofali. Hata magome hayakubaki.

Mke wa mdogo naye akaona matawi yamelala shambani. Akauliza, "Baba watoto, kuni zote hizi tuziache hapa, halafu mimi niende kuokota mlimani?"

Mumewe akafikiri. Kisha akasema, "Mama watoto, umesema kweli. Lakini tungoje kidogo. Matawi yakauke, majani yapukutike. Halafu chukua matawi manene uyapikie. Vijitawi na magome tuyaache. Na majivu ya jikoni tuyarudishe shambani."

Wakafanya hivyo. Kuni zikapatikana, na udongo ukalipwa.

Wakapanda tena. Baada ya miaka michache tofauti ilionekana. Miti ya kaka ilikuwa mifupi, na majani yake yalikuwa ya manjano. Kaka akasema, "Miche ya siku hizi ni mibaya." Mdogo wake akamjibu kwa heshima, "Kaka, miche tumechukua kitalu kimoja, kama mara ya kwanza. Twende tukachimbe tuone udongo." Walipochimba kwa kaka, walikuta udongo mgumu na mweupe. Kwa mdogo walikuta udongo mweusi, wenye minyoo.

Je, shamba la kaka linaweza kupona? Linaweza, lakini si kwa mwaka mmoja. Itambidi azuie moto, apande mimea ya jamii ya kunde kati ya miti, na aongeze samadi. Atarudisha kidogo kidogo kile kilichoondoka kwa miaka mingi. Kuzuia ni rahisi kuliko kuponya.

Lakini tukumbuke pia kwamba si kila mti uliodumaa una njaa. Mti unaweza kudumaa kwa sababu ya maji yaliyotuama, magugu, mbegu mbaya au kubanana. Ukiwa na mashaka, mwite bwana misitu au bibi misitu aje aone.

UFANYE NINI SHAMBANI MWAKO?

1. Usichome majani, wala usiyafagie. Yaache yaoze.

2. Kabla ya kiangazi, fyeka njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba. Patana na majirani kuhusu siku za kuchoma mashamba yao. Moto hauna mpaka.

3. Miti ikiwa midogo, panda kunde au maharage kati ya mistari. Mimea hiyo huchukua naitrojeni ya hewani kwa msaada wa vijidudu vilivyomo katika vinundu vya mizizi yake. Ukivuna, acha mabua na mizizi shambani. Mahindi yana faida kwa tumbo, lakini nayo hukopa dukani. Ukiyapanda, rudisha mabua yake na utie samadi.

4. Punguza miti kwa wakati wake. Ukipanda kwa nafasi ya mita 2 na nusu kila upande, hekta moja huwa na miti 1,600. Yote haiwezi kunenepa. Ukiipunguza, mwanga hufika chini, na mimea midogo huota na kufunika udongo. Usiing'oe mimea hiyo yote. Ondoa tu inayoparamia miti.

5. Siku ya kuvuna, kata vijitawi na uache majani pale pale. Kama mnunuzi anakubali magogo yaliyobanduliwa, bandua magome shambani. Yatawanye, usiyarundike mahali pamoja.

6. Shamba likiwa na mteremko, laza matawi yaliyobaki kwa kukingama na mteremko. Yatapunguza kasi ya maji na kunasa udongo.

7. Acha miti ikomae. Kama una shida ya fedha, uza ile inayopunguzwa, usimalize shamba zima.

8. Heshimu mita 60 za ukingo wa mto. Kama zimefyekwa zamani, acha nyasi na miti ya asili irudi.

JARIBU MWENYEWE

Usikubali maneno haya kwa sababu tu yameandikwa. Jaribu pamoja na wenzako wa darasa.

Chukueni makopo mawili yanayolingana. Toeni vitako, yabaki wazi juu na chini. Nendeni katika shamba la miti. Kopo moja lishindilieni kidogo ardhini mahali penye majani mengi yaliyooza. La pili lishindilieni mahali palipoungua au palipo wazi. Mimineni kikombe kimoja cha maji katika kila kopo kwa wakati mmoja. Angalieni ni wapi maji yatazama upesi.

Mara nyingi maji huzama upesi penye majani, kwa sababu mboji na minyoo vimeuacha udongo na matundu. Mahali palipo wazi maji hukawia. Shambani maji yanayokawia kuzama ndiyo yanayotiririka, na yakitiririka hayaendi peke yake. Huondoka na jiko la mti wako.

Ndugu msomaji, shamba la miti huvunwa na mtu mmoja, lakini udongo hutumiwa na wengi wanaofuata. Fedha ya magogo itatumika na kwisha. Udongo ukilipwa haki yake, utawakopesha watoto wako kama ulivyokukopesha wewe.

MANENO YA KUKUMBUKA

Virutubisho: chakula cha mimea kilichomo katika udongo.
Mboji: majani na takataka za mimea zilizokwisha kuoza.
Kiini: sehemu ya ndani ya shina, yenye mbao ngumu.
Kitalu: mahali pa kuoteshea miche.
Kudumaa: kutokua kama inavyotakiwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Katika jaribio la van Helmont, mti uliongezeka kilo ngapi? Udongo ulipungua kiasi gani? Hilo linatufundisha nini?

2. Ni sehemu gani za mti zenye virutubisho vingi? Katika kijiji chenu, sehemu hizo hufanywa nini baada ya mavuno?

3. Kwa nini majivu ya moto wa shambani hayatoshi kuulipa udongo?

4. Mke wa mdogo alikuwa na haja ya kuni. Je, walipatana vizuri? Ninyi mngefanyaje?

5. Pimeni hatua 80 kutoka ukingo wa mto wa kijiji chenu. Mmekuta nini ndani ya hatua hizo? Kijiji kifanye nini?